Tundu Moja la Mama Sindano

Kwenye mlango wa chumba cha kushonea, pale kituo cha utafiti cha msituni, kulikuwa na ubao mweusi ambao watu waliuogopa kuliko barua ya onyo. Ulikuwa ubao wa aibu, tuseme ukweli. Kila aliyekata wavu wa ndege aliandikwa pale kwa chaki, namba ya wavu na jina la utani, ili aone haya vizuri. Mwandishi alikuwa Mama Sindano, na huyo hakuwa na dogo. Mpima ndege, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu wawili, alikuwa ameandikwa mara kumi na tisa, na kwa sababu hiyo jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Aliitwa Kinyozi. Hata mkewe akipiga simu kituoni alimuulizia Kinyozi.

Jina la Mama Sindano lenyewe halikuwahi kuandikwa pale. Miaka kumi na miwili, hata mara moja.

Na usije ukadhani nazungumzia nyavu za samaki. Hizi ni nyembamba kama nywele, nyeusi, zinatundikwa kati ya nguzo mbili chini ya miti, kwenye kivuli, na ndege hawazioni. Ndege anaruka zake kutoka kichaka hiki kwenda kile, mara anajikuta amelala ndani ya mkunjo wa wavu, miguu imeshika nyuzi, hajui la kufanya. Hapo mtu wa nyavu anatakiwa afike upesi, amtoe, amtie kwenye kifuko cha kitambaa, ampeleke mezani kwa mpima. Anapimwa bawa na uzito, anavishwa pete ndogo ya chuma yenye namba, kisha anaachiwa. Ndivyo kituo kinavyojua nani bado yu hai humo msituni na nani hayupo tena.

Kumtoa ndiyo kazi. Yuko wa kutoka mara moja, na yuko aliyejisokota mpaka humjui kichwa wala mkia. Watu wa haraka huchomoa mkasi. Kukata si kosa kisheria, lakini tundu likiachwa linakua, na anayekesha na sindano kuliziba si wewe uliyekata.

Mama Sindano alikuja kituoni kwa siku tatu tu. Alikuwa fundi wa sare za shule kule mjini, bondeni, cherehani yake ikikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa. Siku moja Kinyozi akatokea na furushi la nyavu zilizochanika, ameshazunguka kwa mafundi wote na wote wamemcheka. Mama Sindano akaushika wavu mmoja, akaunyoosha kwenye mwanga.

"Hii ni nguo kama nguo nyingine, kaka," akasema, "ila aliyeishona alikuwa hapendi watu."

Akapanda naye akazishone hukohuko. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa miaka. Alikuja na cherehani, mto wa pini, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alipewa jiko la kituo na mpaka leo analitawala kama serikali.

Siku ya nne aliubeba wavu alioumaliza kuupeleka msituni, akamkuta Kinyozi amepiga magoti mbele ya wavu mwingine, mkasi mkononi, jasho linamtiririka, na mbele yake ndege amejifunga kama kifurushi.

"Weka mkasi chini, kaka. Hapo nimeshona juzi."

"Atakufa huyu!"

"Hafi. Ameingilia upande gani?"

Kinyozi hakujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Sindano akainama, akazitazama nyuzi kama anavyotazama mshono wa kufumua, akaona ndege kaingilia kushoto. Akaanza na miguu, bawa moja, bawa la pili, kichwa mwisho. Kufumua ni kurudi njia ileile iliyopita sindano, na kwa ndege mambo ni hayohayo. Akamtua kwenye kiganja cha Kinyozi, naye Kinyozi akabaki mdomo wazi.

Hapo kichwa kikamvimba fundi wetu. Simlaumu, ningekuwa mimi kingepasuka. Ndege wa pili siku hiyohiyo akamwendea kwa madaha ya mtu aliyekwisha sifiwa. Alikuwa kifuasiafu. Ndivyo walivyomwita pale kituoni, kwa sababu shughuli yake ni kufuata siafu. Ni kindege cha kutoshea mkononi, mgongo wa kahawia, kifua cha rangi ya machungwa iliyofifia, na macho makubwa ya mtu anayeishi kwenye giza la vichaka. Hapandi juu ya miti kutafuta sifa. Anakaa huku chini karibu na ardhi, na jeshi la siafu likianza safari, yeye yupo mbele yake. Siafu wenyewe hawagusi. Anangoja panzi na buibui wanaokimbia msafara, anawadaka mmoja mmoja, na siafu wakihama naye anahama. Uzito wake mzima ni vijiko vitatu vya sukari, lakini kutwa anacheza mbele ya meno maelfu na hang'atwi.

Mama Sindano akavuta uzi uliozunguka mguu wake bila kutazama umepita wapi. Akasikia kitu kidogo, tk, kama kijiti cha kiberiti. Kidole cha nyuma kilikuwa kimevunjika.

Walimvisha pete kwenye mguu mwingine, wakamwachia. Kisha mama huyo akaketi juu ya gogo akalia waziwazi, bila kuficha uso.

"Nimemvunja mtoto wa watu."

"Ndege hana watu, dada," Kinyozi akambembeleza.

"Ana watu," akasema. "Wewe ndiye huwajui."

Tangu siku hiyo haraka ikamtoka. Aliapa kwamba ndege hataumia tena mkononi mwake, na uzi hautakatwa. Msimu uliofuata, kwenye wavu namba saba, ule wa karibu na gogo lililoanguka kijitoni, akamtoa kifuasiafu mmoja, na vidole vyake vikagusa kidole cha nyuma kilichopona kwa kupinda ndani, kama ndoano. Akacheka, machozi yakimtoka.

"Umerudi, mama?"

Akarudi na msimu uliofuata, na mwingine tena, mara mbili kwa mwaka, daima namba saba. Kituoni wakawa wanamwita mgonjwa wake. Sifa za Mama Sindano nazo zikaenea. Wataalamu walitoka vituo vingine kuja kutazama mikono yake tu, wakasimama nyuma yake kimya, wameshika madaftari bila kuandika chochote. Ungeandika nini? Vidole vilipita kwenye wavu kama vinahesabu kunde, na ndege akatoka.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Kwanza ilikuwa kungu kidogo, baadaye nyuzi zikapotea kabisa. Alijipiga moyo konde akawaachia vidole kazi yote. Akifika kwenye wavu alifumba macho, na watu wakanong'ona kwamba sasa mama anaringa. Aliacha wanong'one. Kila alfajiri wifi yake alimtungia uzi sindano kumi na mbili, akazichoma kwenye mto wa pini, akifunga mlango kwa mguu.

"Iko siku nitasema, wifi," alimwambia kila siku.

"Sema. Na mimi nitasema nani anaweka sukari kwenye maharage ya kituo."

Wifi mtu akafyata ulimi, sindano zikaendelea kutungwa.

Siri ilikaa miaka minne. Ikafumuka wiki ile wifi alipokwenda kumuuguza dada yake mjini. Mkuu wa kituo, mtu mpole, mnyoofu, mwenye kanuni za kila kitu mpaka za kuanika taulo, aliingia na mkoba uliokatika mkanda. Mto wa pini ulikuwa umebaki na sindano tupu. Mama Sindano akalamba uzi, akajaribu. Akajaribu tena. Mara ya saba Mkuu akauchukua uzi taratibu, akautunga mwenyewe.

"Mama, macho haya tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Nilikuja nayo."

Mkuu hakucheka. "Ndege si kifungo cha shati, mama yangu. Akikufia mkononi kwa sababu huoni, tutasema nini? Kuanzia msimu huu baki hapa ushone. Kazi yako iko palepale."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Kushona angeshona, hilo halikumtisha. Lakini chumba kilikuwa chumba, kuta nne na dirisha. Maisha yake yalikuwa kule juu, kwenye umande, kwenye ile nukta ya moyo mdogo kupiga haraka kwenye kiganja na kisha kiganja kubaki kitupu. Alijua kabisa kwamba akikatazwa kule atazeeka kwa mwezi mmoja.

"Nipe msimu huu mmoja," akasema. "Wiki tatu. Nikikata uzi hata mmoja, nitakaa humu mwenyewe, hutanisikia nikilalamika."

"Hata uzi mmoja?"

"Hata mmoja. Na usinionee huruma."

Wakapeana mikono. Habari zikafika jikoni kabla chai haijachemka, na kituo kizima kikakaa chonjo. Kinyozi, roho juu kuliko mwenye jambo, alikuwa akimsindikiza mpaka nusu ya njia kila asubuhi akijifanya anatafuta kalamu aliyoiangusha.

Siku ya kwanza mpaka ya kumi na tisa, ndege mia mbili na zaidi, hakuna uzi uliokatika. Sitii chumvi. Kulikuwa na mmoja aliyejizungusha mara tatu, na mwingine aliyeng'ata kidole chake mpaka damu, na wote walifika mezani manyoya yao yamelala sawasawa. Mkuu mwenyewe alianza kuchelewa ofisini makusudi, asimame njiani amwone akishuka na vifuko vyake mkononi.

Siku ya ishirini ilipambazuka baada ya mvua kubwa. Udongo ulikuwa umelowa, na siafu walikuwa wamehama. Mama Sindano aliwasikia kabla ya kuwakanyaga, ile sauti ndogo kama ya majani makavu yanayonong'ona. Alikuwa peke yake namba saba. Kinyozi alikuwa mezani, mbali, kule chini kituoni.

Ndege alikuwa chini kabisa, kwenye mkunjo wa mwisho wa wavu. Mama akapiga magoti, akapeleka vidole, akakuta kidole cha nyuma kilichopinda kama ndoano.

"Ni wewe? Haya, tutoke."

Upande wa kulia. Miguu ikatoka. Bawa. Bawa la pili. Alipofika kichwani vidole vikasimama. Uzi ulikuwa umeingia mdomoni na kunasa nyuma ya ulimi, pale palipo na vimiba viwili vidogo vya kusukumia chakula ndani. Huko kidole cha mtu hakiingii. Huko panataka ncha ya kijiti na jicho zima, na jicho ndilo alilokuwa hana.

Akakipata kijiti. Akajaribu kwa kukisia, akaacha, maana mdomo wa ndege ni mwembamba kama karatasi. Akajaribu tena. Ndipo siafu wa kwanza akamng'ata kwenye kifundo cha mguu, kisha wa pili, kisha hakuhesabu tena. Walikuwa wamefika. Walikuwa wanapanda kwenye kamba ya chini ya wavu, na ndege yule aliyewacheza maisha yake yote sasa amefungwa mbele yao kama chakula kwenye sahani.

Mama Sindano aliita. "Kinyozi! We Kinyozi!" Msitu ukaimeza sauti. Siafu walikuwa magotini, walikuwa ndani ya gauni. Ndege alikuwa ameacha kupigana, na kile kimoyo mkononi kilikuwa kinapiga, kinaruka pigo, kinapiga.

Shingoni mwake alikuwa amevaa mkasi kwa kamba, maana kanuni ilitaka kila mtu wa nyavu awe nao. Kwa miaka kumi na miwili aliukatia kucha tu. Mkono ukaufuata. Alijua vizuri anachokifanya, tena alikisema kwa sauti, "Basi, kwaheri." Akakata nyuzi tatu.

Ndege akatoka na vipande vya nyuzi vikining'inia mdomoni, na vilipokosa cha kuvivuta vikateleza vyenyewe. Mama akamtia ndani ya kifuko, akakibana kifuani, akakimbia akirukaruka na kujipiga mapaja, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpaka kwenye njia kavu. Hapo alijikung'uta, akarudi na fimbo, akaushusha wavu kabla siafu hawajaufunika.

Mezani Kinyozi alimpima ndege. Uzito mzuri, bawa zima, pete ileile ya miaka kumi na miwili. Akamwachia, na yule ndege, nakwambia, akaruka moja kwa moja kurudi kule kwenye siafu kumalizia kifungua kinywa chake. Kinyozi akacheka mpaka akashika meza.

Mama Sindano akaingia chumbani na wavu namba saba, akafunga mlango. Tundu lilikuwa la kupita ngumi. Wifi alisharudi kutoka mjini, na kwenye mto wa pini zilikuwepo sindano kumi na mbili, zimetungwa. Dakika tano zingetosha. Hakuna aliyeona. Anayekagua nyavu kituoni ni nani? Ni yeye. Anayeandika ubaoni ni nani? Ni yeye huyohuyo. Kesho angeamka aende zake msituni, na Mkuu angempa mkono wa pongezi.

Akachomoa sindano. Akaushika ukingo wa tundu, akapitisha uzi wa kwanza.

Nje Kinyozi alikuwa bado anacheka. Mama akamsikiliza. Mara kumi na tisa mtu yule alikuja mlango huu na wavu mkononi, kichwa chini, akijua kabisa atachekwa mpaka jioni. Angeweza kuzificha. Angeweza kusingizia popo, au tawi lililoanguka. Hakuwahi. Alikuja mwenyewe kila mara, na yeye Mama Sindano kila mara aliandika kwa raha zake.

Akauchomoa ule uzi. Akachukua chaki, akafungua mlango, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, maana mistari hakuiona: WAVU 7, MAMA SINDANO. Kisha akaenda jikoni akaomba chai.

Kelele za Kinyozi zilisikika mpaka ofisini. Mkuu akaja mbio, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Akamfuata jikoni, akasikia kisa chote, akaiona na miguu ya mama ilivyovimba.

"Mama, lakini hakuna aliyekuona."

"Mimi si nilikuwepo?"

"Walikuwa siafu. Mtu yeyote angekata. Tena mimi mwenyewe ningekulaumu kama hukukata." Akachukua kitambaa cha vyombo. "Nalifuta."

"Ukifuta langu, futa na ya Kinyozi yote kumi na tisa."

"Afute! Afute!" Kinyozi akaitikia kutoka mlangoni.

"Kaa kimya wewe. Mkuu, tulipeana mikono. Ndege yuko hai, mimi nabaki chumbani. Rudisha kitambaa cha watu."

Mkuu akakirudisha. Mama akavua mkasi shingoni, akauweka mezani, akamalizia chai yake. Kesho yake asubuhi aliwasikia wenzake wakipanda njia ya msituni, vicheko vyao vikipungua mpaka vikaisha, na alilia kidogo juu ya cherehani. Wifi yake alimwona. Akamletea sahani ya maharage, akasimama pale mpaka ikaisha.

Lakini mikono ile haikujua kukaa bure. Mwezi haujaisha, akashona ndege wa kitambaa, saizi ya kifuasiafu, akamjaza pamba, akamtia mabawa ya kukunjuka na ulimi wenye vimiba viwili vya uzi mgumu. Akawa anamsokota ndani ya kipande cha wavu wa zamani, na yeyote aliyetaka kwenda kwenye nyavu alifungwa kitambaa machoni kwanza, akaketishwa mbele yake. Mkuu akaifanya kanuni. Wataalamu wa vituo vingine wakaanza kuja tena, safari hii madaftari yakijaa. Kinyozi alishindwa mara kumi na moja.

"Umemuua tena," mama alimwambia. "Marehemu anakusalimu."

"Dada, mimi nilizaliwa na macho, kwa nini unaninyima kuyatumia?"

"Siku utakayoyahitaji hayatakuwepo. Anza tena. Ameingilia upande gani?"

Msimu mpya ukaingia. Siku ya tano, jua likiwa limepanda vya kutosha, Kinyozi akashuka njia ile kwa hatua za mtu aliyebeba yai, akaingia chumba cha kushonea bila kubisha hodi.

"Dada. Nyoosha mkono."

Akanyoosha. Kikatua kitu chenye uzito wa vijiko vitatu vya sukari, moto, kinapiga. Vidole vyake vikamshika vile vilivyozoea, vikashuka mguuni polepole, vikafika nyuma, vikakuta ndoano.

"Nani kamtoa?"

"Mimi. Alikuwa amenasa ulimi."

"Tena? Ukakata?"

"Sikukata. Nilifumba macho."

Mama akainuka. Akaupapasa mlango, akaupita ubao, akatoka mpaka kwenye ukingo wa baraza ambapo msitu unaanzia. Tangu msimu uliopita hakuwa ameachia ndege. Akafungua kiganja. Kindege kikatulia pale kidogo, kucha zake zikimshika ngozi, ile iliyopinda ikimchoma kuliko nyingine, kisha kiganja kikawa kitupu.

Alibaki ameunyoosha mkono.

"Ameelekea wapi?" akauliza, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mtu jambo la namna hiyo.

"Chini," Kinyozi akamwambia. "Kwenye vichaka, karibu na ardhi. Bado namwona. Haya, sasa ameingia."